Imani Inayokaa Nyumbani: Desturi za Jamaa za Wapolandi

Katika kila kundi la wakatekumeni hutokea mtu, mara nyingi mtu mzima mwenye mke na watoto, anayemwendea mwalimu faraghani na kumwuliza: «Nikibatizwa, je, desturi zote za wazee wangu zitatupwa?» Na mwingine huuliza: «Padri hufika hapa mara chache tu kwa mwaka. Akiisha kwenda, imani yetu itakaa wapi?» Maulizo hayo mawili si ya upuzi. Asiyepata jibu lake hubatizwa nusu: kanisani ni mkristu, nyumbani ni mtu mwingine.

Jibu laweza kuonekana katika maisha ya taifa lililo mbali, nchi ya Polandi huko Ulaya. Nchi hiyo iko mashariki ya Ujerumani. Kaskazini yake ni bahari, na kusini yake ni milima. Ni nchi ya mashamba ya ngano na viazi, yenye baridi kali na theluji wakati wa Noeli. Desturi za watu wake si amri ya Mungu, wala hakuna mkristu wa Kongo anayelazimishwa kuzifuata. Lakini zinaonyesha jinsi imani inavyoweza kuingia katika nyumba ya mtu, ikaketi mezani pake, ikasimama mlangoni pake, isiondoke hata siku za dhiki.

1. NAO WALIKUWA WAKATEKUMENI

Wengine hudhani kwamba watu wa Ulaya wamezaliwa wakristu. Sivyo. Hakuna taifa hata moja lililozaliwa likiwa na batizo. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Wapolandi waliabudu miungu mingi, wakaogopa ngurumo, wakawapelekea wafu wao vyakula ili wasikasirike. Mwaka 965 mtawala wao, jina lake Mieszko, alioa binti wa mtawala wa Bohemia aliyeitwa Dobrawa. Dobrawa alikuwa mkristu. Mwaka 966 Mieszko naye akabatizwa, na Wapolandi huuhesabu mwaka huo kuwa mwanzo wa taifa lao.

Tazameni basi: imani iliingia katika nchi ile kwa mlango wa nyumba, pamoja na mke aliyesali.

Lakini batizo la mkubwa si batizo la mioyo ya watu wote. Katika miaka ya 1030 yalitokea maasi. Makanisa yakabomolewa, na watu wengi wakarudia upagani. Amri ya mtawala peke yake haikutosha. Imani ilishika mizizi polepole, kizazi baada ya kizazi, pale ilipoingia mahali ambapo watu wanakula, wanaugua, wanaoana na kuzikana. Huko ndiko zilikozaliwa desturi zinazosimuliwa hapa.

2. JIONI YA NYOTA YA KWANZA

Tarehe 24 Desemba, mkesha wa Noeli, ndiyo jioni kuu ya mwaka katika nyumba ya Mpolandi. Huitwa Wigilia, yaani kukesha. Siku hiyo watu hawali nyama. Eklezya haiwaamuru tena kufunga siku hiyo, lakini wengi hushika mfungo wa babu zao kwa hiari. Meza hufunikwa kitambaa cheupe, na chini ya kitambaa hutandikwa majani makavu ya kulishia mifugo. Mtoto akiuliza sababu, huambiwa kwamba Mwana wa Mungu alipozaliwa alilazwa katika hori ya wanyama, kwa kuwa hapakuwa na nafasi katika nyumba ya wageni. Hivyo mtoto asiyejua kusoma hujifunza fumbo kubwa kwa kuigusa meza ya mama yake.

Jua likiisha kutua, watoto husimama dirishani au nje katika theluji, wakiitafuta nyota ya kwanza mbinguni. Ni ukumbusho wa nyota iliyowaongoza mamajusi mpaka Betlehemu. Kabla nyota haijaonekana, hakuna anayekula. Ikionekana, watoto hupaza sauti, na jamaa yote husimama kuizunguka meza. Baba, au mkubwa mwingine wa nyumba, husoma katika Injili ya Luka habari za kuzaliwa kwa Yezu. Hakuna padri hapo. Nyumbani mwake baba ndiye msomaji.

Kisha huja jambo lililo moyo wa jioni ile. Baba hutwaa mkate mweupe, mwembamba kama karatasi, uliotengenezwa kwa unga wa ngano na maji bila chachu, uliochapwa sanamu ya Noeli. Huitwa opłatek. Umefanana na hostia, lakini si Ekaristi. Haukugeuzwa katika Misa kuwa Mwili wa Kristu. Ni mkate tu, alama ya upendo na umoja wa jamaa. Kwa hiyo hata watoto wadogo, hata mtu asiyebatizwa aliyefika pale, hupewa sehemu yake.

Baba humgeukia mama kwanza. Kila mmoja ameshika kipande chake. Kila mmoja humega kidogo katika kipande cha mwenziwe na kula. Wakati ule ule hutakiana afya, amani na baraka ya Mungu kwa mwaka unaokuja, na kuombana msamaha kwa yaliyopita. Kisha huwaendea watoto, babu na bibi, shangazi na wajomba, mpaka kila mtu amemega kwa kila mtu. Hakuna anayerukwa.

Fikirini ndugu wawili waliogombana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tangu mavuno hawajasalimiana. Jioni ya Wigilia wote wawili wamekuja nyumbani kwa mama yao mzee, kwa sababu jioni ile hakuna anayethubutu kukaa mbali. Mkate unazunguka. Sasa ndugu mkubwa yuko mbele ya mdogo wake, kila mmoja na kipande mkononi. Mama anatazama. Kukataa ni kumtia mama aibu, na zaidi ya hayo ni kumfungia mlango Mtoto anayezaliwa usiku ule. Kukubali ni kuumeza ugomvi pamoja na mkate. Mkate ule ni mwepesi kama jani. Lakini kwa mwenye kinyongo ni mzito kuliko jiwe la kusagia. Wengi waliotengana wamerudiana kwa kipande kidogo kama ukucha.

Na yule aliye safarini, au anayefanya kazi nchi za mbali? Mama humtilia kipande cha mkate ule katika barua. Afikapo mahali pake, ataula siku ile ile, akijua kwamba nyumbani wanakula pamoja naye.

Mezani huachwa nafasi moja tupu, na sahani yake, kwa ajili ya mgeni asiyetazamiwa. Wapolandi wana methali isemayo: Mgeni nyumbani, Mungu nyumbani. Nayo si mbali na ile tunayoijua: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengine, waitazamapo nafasi ile, humkumbuka pia mpendwa aliyekufa mwaka ule. Lakini maana yake ya kwanza ni maskini na msafiri: abishaye hodi usiku ule hafukuzwi.

Baadaye huliwa chakula. Kwa desturi vyakula ni kumi na viwili, kama mitume walivyokuwa kumi na wawili: supu nyekundu ya mizizi ya biti, au supu ya uyoga, samaki wa bwawani, maandazi yaliyotiwa kabichi na uyoga ndani, na matunda makavu yaliyochemshwa. Katika sehemu za mashariki huongezwa ngano iliyopikwa kwa asali na mbegu za mpopi. Nyumba ya kikabwela haiwezi kupika vyote hivyo. Hupika ilivyo navyo. Vijijini hata ng'ombe hupewa kipande cha mkate wa jioni ile, mara nyingi ulio wa rangi, kwa sababu wanyama walikuwapo zizini Betlehemu.

Wakiisha kula huimba nyimbo za Noeli, na karibu ya usiku wa manane hutoka wote kwenda kanisani, kwa Misa iitwayo Misa ya wachungaji. Ndipo wale waliokula mkate wa upatanisho nyumbani hupokea Ekaristi yenyewe kanisani. Mkate wa nyumbani umewatengenezea njia. Nani atapokea Mwili wa Kristu kwa moyo mweupe, kama hakutaka kummegea ndugu yake kipande cha mkate?

3. MWAKA MZIMA CHINI YA PAA LA NYUMBA

Desturi za Wapolandi hazikomi Noeli. Kila majira yana alama yake.

Mlangoni. Tarehe 6 Januari, sikukuu ya mamajusi, watu huleta nyumbani chaki iliyobarikiwa kanisani. Juu ya mlango huandika herufi K, M, B na hesabu ya mwaka. Ni majina ambayo mapokeo yamewapa mamajusi: Kasper, Melkiori na Baltazari. Wengine huandika C mahali pa K, na kuzisoma kama mwanzo wa maneno ya Kilatini yanayomwomba Kristu aibariki nyumba. Herufi zile hukaa mwaka mzima. Apitaye hujua nyumba ile ni ya nani. Na mwenye nyumba, kila aingiapo, hukumbushwa.

Katika mauti na dhoruba. Tarehe 2 Februari hubarikiwa mishumaa mikubwa, na kila jamaa hupeleka wake nyumbani. Huitwa mshumaa wa ngurumo. Zamani wazee wao waliogopa ngurumo kama mungu mwenye hasira. Mkristu huwasha mshumaa ule dhoruba ikija, akamwomba Mama Maria, akijua kwamba ngurumo ni kiumbe tu. Tena mshumaa ule huwashwa na kutiwa mkononi mwa mtu anayekufa. Jamaa hupiga magoti kando ya kitanda na kusali, ili ndugu yao asivuke gizani peke yake.

Katika Kwaresima. Jumapili ya Matawi hakuna mitende katika nchi ya baridi. Wapolandi hukata matawi ya miti yao wenyewe, hasa yale yanayochipua mapema kando ya mito, wakayapamba kwa maua makavu. Bwana wetu hakuudhika kwa kuwa si mitende ya Yeruzalemu. Alipokea yale ambayo nchi yao imezaa.

Katika Pasaka. Jumamosi Kuu kila nyumba hupeleka kanisani kikapu kidogo kilichofunikwa kitambaa cheupe, ili chakula cha Pasaka kibarikiwe. Ndani yake mna mayai, mkate, chumvi, nyama, mzizi mkali wa kukumbusha uchungu wa mateso, na mwanakondoo mdogo aliyefanyizwa kwa siagi au sukari. Asubuhi ya Pasaka, baada ya maandamano na Misa, yai moja lililobarikiwa hukatwa vipande, na kila mtu hupata chake pamoja na maneno ya heri, kama ule mkate wa Noeli. Yai lina uhai ndani ya ganda lililofungwa kama kaburi. Ndiyo sababu limekuwa alama ya Ufufuko. Siku ya pili vijana hukimbizana na kumwagiana maji kwa kicheko kikubwa. Ni mchezo wa zamani sana. Lakini wengi hupenda kuukumbusha na maji ya batizo la mwaka 966.

Shambani. Tarehe 15 Agosti, Bikira Maria alipopalizwa mbinguni, wanawake hupeleka kanisani mafungu ya majani, maua na masuke ya nafaka. Yakiisha kubarikiwa hutundikwa nyumbani. Wazee waliyatumia katika magonjwa ya watu na ya mifugo.

Mezani kila siku. Kabla ya kuukata mkate mpya, mama huchora juu yake ishara ya msalaba kwa ncha ya kisu. Kipande kikianguka chini, huokotwa na kubusiwa. Mtoto anayeona hayo kila siku hahitaji hotuba ndefu ili ajue kwamba chakula ni zawadi ya Mungu.

4. WAZEE WALIOKUFA

Hapa mkatekumeni asome kwa makini, kwa sababu jambo hili linamgusa.

Kabla ya batizo, na muda mrefu baadaye, wazee wa Wapolandi na jirani zao walikuwa na siku za kuwalisha wafu. Siku hizo ziliitwa Dziady, yaani mababu. Waliweka vyakula na vinywaji kwa ajili ya roho, wakawasha moto ili roho zione njia. Katika desturi hiyo mlikuwa na mambo mawili yaliyochanganyika. La kwanza ni hofu: mfu asipolishwa atadhuru. La pili ni upendo: baba yangu amekufa, nami sitaki kumsahau.

Eklezya haikusema, «Wasahauni wafu wenu.» Iliikataa hofu, ikaubatiza upendo. Chakula kilichokuwa cha kuwekewa wafu kikawa mikate midogo ya kuwapa maskini waliokaa penye mlango wa kanisa na makaburini, nao maskini wakawaombea marehemu. Tendo ni lile lile la kutoa. Lakini sasa mwenye njaa anashiba, na roho inasaidiwa kwa sala.

Hata leo, tarehe 1 Novemba, Wapolandi husafiri kutoka kila upande wa nchi kuyafikia makaburi ya jamaa zao. Huyasafisha, huweka maua, na kuwasha taa ndogo za mshumaa. Usiku makaburi yote humeremeta kama shamba la nyota. Kesho yake ni ukumbusho wa marehemu wote. Jamaa huandika majina ya wafu wao katika karatasi na kuyapeleka kanisani. Nayo husomwa mbele ya watu wote, jina kwa jina, ili wote wawaombee. Kaburi la mtu asiye na jamaa nalo mara nyingi huwashiwa taa na mpita njia.

Basi mkristu hawaogopi wazee wake, wala hawaabudu. Anawapenda na kuwaombea.

5. SIKU YA NDOA

Katika nyumba ya Mpolandi arusi haianzi kanisani. Huanza nyumbani kwa wazazi. Kabla ya kwenda kanisani, bwana arusi na bibi arusi hupiga magoti mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Wazazi huwafanyia ishara ya msalaba na kuwanyunyizia maji yaliyobarikiwa. Mara nyingi wakubwa na wadogo hulia hapo, kwa maana mtoto anaondoka.

Baada ya Misa, wazazi huwalaki maarusi mlangoni mwa nyumba ya karamu wakichukua mkate na chumvi. Mkate, ili njaa isiingie nyumbani mwao. Chumvi, kwa sababu maisha yana ladha yake kali, nao watakula yote pamoja, yenye chumvi na yasiyo na chumvi. Kisha bibi arusi huvuliwa taji la maua, na zamani wanawake waliokwisha kuolewa walimfunika kichwa kwa kitambaa cha mke. Ndugu zake humwimbia. Wazee hawakufutwa katika ndoa ya sakramenti. Wamepewa mahali pao pa heshima, nako ndiko kubariki.

6. ZILIPOKUJA SIKU ZA GIZA

Mtu aweza kusema: hizi ni desturi nzuri za watu walioshiba. Asikilize basi habari za mateso yao.

Mwaka 1795 nchi ya Polandi ilifutwa katika ramani. Falme tatu za jirani, Urusi, Prusia na Austria, ziligawana nchi yote kama nyama. Kwa miaka 123, mpaka 1918, hapakuwa na serikali huru ya Wapolandi. Katika sehemu nyingi lugha yao iliondolewa shuleni. Mahali palipobaki bila askari wa mgeni palikuwa pamoja tu: meza ya nyumbani. Hapo mama alimfundisha mtoto sala kwa lugha yake, na baba akasimulia habari za wazee.

Mwaka 1901, katika mji mdogo wa Września uliokuwa chini ya Wajerumani, iliamriwa kwamba hata dini sasa itafundishwa shuleni kwa Kijerumani. Watoto wakakataa kujibu katekisimu kwa lugha ambayo mama zao hawakusali nayo. Wakapigwa viboko. Wazazi wakaja shuleni kwa kilio na hasira. Baadaye baadhi yao wakahukumiwa na kufungwa. Lakini miaka ya 1906 na 1907 watoto wa shule nyingi sana za sehemu zile walifanya vivyo hivyo. Nani aliwapa watoto moyo kama huo? Si shule. Ni yule aliyewafundisha Baba Yetu kabla hawajajua kusoma.

Tena katika vita kuu ya pili, miaka 1940 na 1941, mamia ya maelfu ya Wapolandi walichukuliwa na serikali ya Kisovieti mpaka Siberia na Kazakstani, kwenye baridi na kazi ngumu. Wengi walikufa. Baadhi yao waliofunguliwa walipitia Irani mwaka 1942, na maelfu, hasa wanawake na watoto, waliletwa Afrika: Tengeru karibu na Arusha, Masindi na Koja katika Uganda, na mahali pengine. Hawakuwa na theluji tena, wala mashamba yao ya ngano. Walikuwa na sala zao. Huko Nyabyeya, karibu na Masindi, walijenga kanisa, nalo lipo hata leo, ijapokuwa wenyewe waliondoka baada ya vita. Kule Tengeru yapo makaburi ya wale ambao hawakuondoka.

Na tutaje jamaa moja. Katika mji wa Wadowice alizaliwa mwaka 1920 mtoto aliyeitwa Karol Wojtyła. Mama yake alikufa mwaka 1929, mtoto akiwa na miaka minane tu. Mwaka 1932 akafa ndugu yake mkubwa. Akabaki na baba. Baba huyu hakuwa padri wala mwalimu wa dini; alikuwa askari mstaafu, akipika na kufua mwenyewe. Mtoto alipoamka usiku alimkuta mara nyingine baba yake amepiga magoti, anasali. Baba akafa mwaka 1941. Mtoto yule akawa padri, kisha askofu, na mwaka 1978 akawa Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Pili. Alifika nchi yetu mwaka 1980, na tena mwaka 1985. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, alimtangaza dada yetu Anuarite kuwa mwenye heri. Mwaka 2014 yeye mwenyewe alitangazwa mtakatifu. Katika uzee wake alikumbuka kwamba mfano wa baba yake ulikuwa kwake kama seminari ya kwanza. Baba yule hakujua kwamba mtoto ameamka na anamtazama.

7. UNGO WA MKRISTU

Mwanamke mwenye akili hapiki nafaka pamoja na makapi, hupepeta kwanza. Desturi nazo hupepetwa. Hata desturi za Wapolandi zina makapi yake.

Usiku wa kuamkia sikukuu ya mtakatifu Andrea, mwisho wa Novemba, wasichana wao walizoea kumimina nta ya moto katika maji baridi, na kutazama umbo lake ili wajue ataolewa nani. Siku hizi wengi hufanya hivyo kwa mchezo tu. Lakini atakayeamini kweli kwamba nta imemwambia mambo yajayo ametenda sawa na yule aendaye kwa mfumu. Mambo yajayo yako mikononi mwa Mungu. Hilo ni kapi.

Tena karamu nyingi za arusi ziliharibika kwa pombe kali, na wazazi waliobariki asubuhi wakaona aibu jioni. Hilo nalo ni kapi.

Tena mshumaa, chaki na majani yaliyobarikiwa ni visakramenti, yaani vitu vinavyotusaidia kusali. Mtu akivitegemea kama dawa yenye nguvu yake mwenyewe, bila sala na bila kuacha dhambi, amevigeuza kuwa hirizi.

Na kuna kapi la nne, lililofichika zaidi. Fikirini nyumba iliyotandika meza vizuri, majani chini ya kitambaa, nafasi tupu na sahani safi. Hodi! Mlangoni yupo maskini anayetetemeka kwa baridi. Mwenye nyumba anamwambia, «Njoo kesho.» Desturi yote imetimizwa, nayo yote imekufa. Sahani ile tupu itamshtaki mwenye nyumba mbele ya Mungu.

Wapenzi wakatekumeni, hilo ndilo jibu la yule aliyeuliza faraghani. Desturi ya wazee isiyopatana na imani itupwe, hata kama ni ya zamani sana. Iliyo njema, kama vile kumheshimu mzee, kumkaribisha mgeni, kula pamoja, kuwakumbuka wafu na kupatanisha ndugu, iletwe kwa Kristu, naye ataisafisha na kuijaza. Na padri akiisha kwenda, imani itakaa pale pale itakapopewa nafasi: mezani, mlangoni, kando ya kitanda cha mgonjwa, na juu ya magoti ya baba usiku, watoto wakidhaniwa wamelala.

MAULIZO

1. Je, Wapolandi walikuwa wakristu tangu mwanzo?
Hapana. Walikuwa wapagani, mtawala wao Mieszko alibatizwa mwaka 966, na imani ikaingia mioyoni polepole.

2. Mkate wa Wigilia ni Ekaristi?
Si Ekaristi. Ni mkate wa kawaida, alama ya upendo na msamaha katika jamaa.

3. Kwa nini huachwa nafasi tupu mezani?
Kwa ajili ya mgeni na maskini, kwa kuwa anayempokea mgeni anampokea Kristu.

4. Eklezya iliikataa nini, na kuhifadhi nini, katika desturi ya kuwalisha wafu?
Iliikataa hofu na kuabudu roho. Ilihifadhi upendo, kwa njia ya sala na sadaka kwa maskini.

5. Kisakramenti na hirizi vyatofautianaje?
Kisakramenti humwinua mtu kwa Mungu katika sala. Hirizi hutegemewa badala ya Mungu.

6. Nani mwalimu wa kwanza wa imani ya mtoto?
Baba na mama yake, kwa maneno yao, na zaidi kwa mfano wao.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kabla ya Jumapili, kila mkatekumeni amtafute ndugu mmoja aliyekosana naye, amwalike kula pamoja naye, hata kama ni chakula kidogo, na amwombe msamaha kabla ya kunawa mikono.